Mwisho wa reli si mwisho wa nchi

Liko tishio moja ambalo limekaa katika ofisi zetu kwa miaka mingi, nalo hutamkwa nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli. Karani akizoea kuchelewa kazini, mwalimu akibishana na mkuu wake, au mhasibu akikutwa hesabu zake hazikai sawa, wenzake humwambia: "Angalia, utapelekwa Kigoma." Aliyeambiwa hucheka pamoja nao, lakini moyoni huingiwa na baridi. Kwake yeye Kigoma ni mwisho wa reli, na mwisho wa reli ni mwisho wa dunia.

Mimi pia nimewahi kuucheka mzaha huo. Nilianza kuuonea haya nilipofunga safari kwenda huko mwenyewe, bila ya barua ya uhamisho wala adhabu, bali kwa nia ya kuitazama sehemu ya nchi yangu ambayo nilikuwa nikiifahamu kwenye ramani tu. Nimerudi na swali moja ambalo ningependa kulijadili na watumishi wenzangu wa umma, na hasa walimu: hivi tunaposema Kigoma ni mbali, tunapima umbali huo kutoka wapi?

Reli ya Kati ina urefu wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Abiria wa behewa la kawaida huziona zote, moja baada ya moja. Huiacha Morogoro na milima yake, huivuka Dodoma na Manyoni, hufika Tabora ambako reli ya Mwanza hujitenga na kushika njia ya kaskazini, kisha huendelea na Urambo na Kaliua huku wachuuzi wakimnyoshea asali dirishani. Baada ya hapo huja misitu na mabonde ya Malagarasi, halafu Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Kumbe palikuwa na viwanda na biashara katika sehemu hizi kabla hajatokea mgeni yeyote wa kuziita pori!

Hatimaye treni huteremka, na kwa ghafla ziwa huonekana. Tanganyika ina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na kina chake hufika karibu mita 1,470, hata katika ulimwengu mzima ni ziwa la Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Nchi nne hulichangia: Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jioni, milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama ukuta wa samawati, na jua huzama nyuma yake kiasi cha dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam. Wazee wa Ujiji husimulia kwa kicheko kwamba, katika Ramadhani, redio kutoka Dar es Salaam ilikuwa ikiwatangazia futari hali jua lao bado liko juu ya maji. Waliisikiliza kwa adabu, wakaendelea kungoja. Nimeona kuwa katika kicheko hicho mna somo la utawala: saa ya makao makuu si lazima iwe ndiyo saa ya kila mahali.

Sasa turejee kwenye swali letu. Kilomita chache kusini ya stesheni ya Kigoma uko mji wa Ujiji. Katika karne ya 19 Ujiji haikuwa mwisho wa njia yoyote. Ilikuwa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora iliishia kwanza hapo, ikatweka vitu vyake katika mitumbwi na kuvuka kwenda Manyema. Chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, nguo na shanga vilikutana sokoni Ujiji. Pembe za ndovu zilipita hapo, na kwa masikitiko makubwa walipita hapo pia binadamu wenzetu waliofungwa minyororo, na miembe ya njia ile ya misafara ingali ikitukumbusha aibu hiyo. Lugha ya Kiswahili, ambayo leo ni fahari yetu, ilivuka ziwa kutokea hapo hapo hadi ikawa lugha ya mamilioni ya watu wa mashariki ya Kongo. Na waliokuja kutoka ng'ambo waliacha alama hata pwani, ndiyo maana Dar es Salaam ina Msikiti wa Manyema.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, hawakugundua chochote, bali walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wenyeji na wafanya biashara. Na mwaka 1871 Stanley alipokutana na Livingstone chini ya mwembe, magazeti ya Ulaya na Marekani yalitangaza kwamba mtu aliyepotea amepatikana. Watu wa Ujiji hawakuwa wamempoteza. Walikuwa wakimwona kila siku. Alikuwa amepotea machoni mwa London tu. Basi hivyo ndivyo mahali panavyofanywa kuwa "mbali": mwenye kupima hujiweka yeye katikati, halafu humhesabia kila mwingine kuwa pembezoni.

Wakoloni ndio walioigeuza njia panda hiyo kuwa ncha ya kamba. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Waliijenga ili kuvuta mali kuelekea pwani na kupeleka askari kuelekea bara. Meli yao ilisafirishwa ikiwa vipande katika maelfu ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, walipoona wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina ambalo wazee wetu wote wa mwambao wa ziwa wanalijua.

Baada ya vita hiyo mabeberu waligawana nchi kama watu wanaogawana nyama ya mawindo. Hapa naomba msomaji atue kidogo, kwa maana jambo hili hatulifundishi inavyostahili. Kabla ya mwaka 1916 Burundi, Rwanda na Tanganyika zilikuwa koloni moja chini ya bendera ya Mjerumani. Mpaka unaotenganisha Buha na Burundi ulipewa nguvu na makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Koo zilizokuwa zikioana na kusalimiana kwa lugha zinazofanana ziliamka asubuhi zikaambiwa kuwa baadhi yao ni wa Mbelgiji na wengine ni wa Mwingereza. Mwaka 1921 Wabelgiji walipewa pia maeneo ya bandari, Kigoma na Dar es Salaam, wayatumie daima dumu kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Tulipokuwa tunajiandaa kupokea Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alilazimika kutamka wazi kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na makubaliano ya namna hiyo.

Wakati huo huo Waingereza waliamua kwamba Kigoma iwe ghala la nguvukazi. Vijana wa Kiha waliandikishwa kwa maelfu kuwa manamba, wakapakiwa kwenye treni kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Wako waliorudi, na wako ambao mifupa yao imelala huko. Kwa hiyo ule umaskini tunaousingizia umbali ulipangwa na watu, katika ofisi, kwa kalamu. Na jambo lililopangwa kwa kalamu laweza kupanguliwa kwa kalamu.

Uhuru ulipokuja, Kigoma haikupewa nafasi ya kupumzika. Mwaka 1965 wapigania ukombozi wa Kongo waliutumia mwambao huu kuvukia, akiwamo Ernesto Che Guevara. Mwaka 1975 vita ya ng'ambo ilivuka yenyewe, na wanafunzi wanne waliokuwa wakichunguza sokwe huko Gombe walitekwa na kupelekwa Kongo. Wakimbizi kutoka Burundi walifurika mwaka 1972, wakafurika tena mwaka 1993. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwezi Mei 2015 kijiji kidogo cha Kagunga, kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kilijikuta kimepokea makumi ya maelfu ya Warundi katika siku chache, kipindupindu kikaingia, na mzee Liemba akawa anakwenda na kurudi kuwachukua watu kuwaleta Kigoma. Taifa letu lilisifiwa ulimwenguni kwa ukarimu huo, na hasa mwaka 2014 lilipowapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972. Lakini sifa hizo ziliposomwa katika kumbi za mikutano, waliokuwa wameshirikiana na wageni hao kuni, maji, ardhi na zahanati walikuwa wanakijiji wa Kigoma.

Na malipo yao ni nini? Nilikaribishwa barazani, Ujiji, na mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa. Alinipa kahawa, na mazungumzo yalipokolea alinieleza habari za mwanawe, aliyekwenda kwenye ofisi moja ya umma kutafuta kitambulisho. Kijana aliulizwa jina la babu yake. Akalitaja. Aliyekuwa mezani akasema jina hilo ni la Kirundi, akamtaka alete karatasi ya kuzaliwa ya babu. Kijana alirudi nyumbani mara tatu, na mara ya tatu hakutaka tena kwenda. "Baba," mama yule aliniambia, "babu yake huyu alikwenda Tanga kukata mkonge. Miaka yote aliyokata mkonge, hakuna aliyemwuliza kama yeye ni Mrundi."

Sikuwa na jibu, na wala sasa sina. Nafahamu vema kwamba nchi yoyote inayopakana na vita ina haki ya kujua nani ameingia na kwa nini. Silaha zimewahi kupenya mipakani, na ujambazi wa njiani umewahi kuwatesa wananchi hao hao wa Kigoma. Hakuna anayeomba mlango uachwe wazi bila mlinzi. Lakini kulinda mlango ni jambo moja, na kumshuku mwenye nyumba ni jambo jingine kabisa. Mtumishi anayepima uraia kwa matamshi ya mtu, kwa urefu wa pua yake au kwa jina la babu yake, anatumia rula ile ile iliyochorwa na Mwingereza na Mbelgiji. Mzee wa Kasulu aliyezaliwa miaka ya 1930 hakupewa cheti na mkoloni, naye mkoloni hakukusudia kumpa. Leo mjukuu wake ataadhibiwaje kwa uzembe wa serikali ambayo hatukuichagua? Wako wenyeviti wa vijiji, wako wazee wa mitaa, yako madaftari ya shule na ya zahanati. Mtumishi mwenye nia ya kuujua ukweli ataujua. Asiye na nia hutaka karatasi asiyoweza kuipata mtu yeyote.

Hapa ndipo mzaha wa ofisini unapoacha kuwa mzaha. Tukiifanya Kigoma kuwa kituo cha kuwaadhibu walioshindikana kwingine, tunapeleka kwenye mpaka wa nchi watu wasioipenda kazi na wasiowapenda wale wanaopaswa kuwatumikia. Mwananchi wa Buhigwe au wa Kagunga haioni Serikali katika majengo ya Dodoma. Huiona katika uso wa mwalimu wa mwanawe, mganga wa zahanati, na karani wa nyuma ya meza. Ikiwa nyuso hizo zimekunjamana kwa sababu wenyewe wanajiona wamefungwa, mwananchi atajuaje kwamba na yeye anahesabiwa?

Nimekutana na uso wa namna nyingine pia. Katika kijiji kimoja cha wavuvi, kaskazini ya mji, yuko mwalimu aliyetoka Kilimanjaro. Alinikiri kwamba siku aliyopokea barua ya uhamisho alilia, na kwamba alikusudia kukaa mwaka mmoja kisha atafute mtu wa kubadilishana naye. Ilikuwa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Mwanzoni aliwachapa watoto waliokuwa wakisinzia darasani au kutoonekana kabisa kwa siku kadhaa, kisha wakarudi wote kwa pamoja. Baadaye mzee mmoja alimweka kitako akamweleza habari za mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, taa hazina kazi na wavuvi hupumzika. Siku za giza, wavulana wakubwa walikuwa majini na baba zao, na wasichana walikuwa mchangani alfajiri wakianika. Mwalimu hakuikubali hali hiyo, lakini aliielewa, na kwa kuielewa akaweza kuibadili. Aliwafuata wazazi nyumba kwa nyumba, akiwasalimu kwa Kiha alichojifunza kwa wanafunzi wake, akapatana nao kuhusu watoto wa madarasa ya mtihani. Hata leo, kabla ya kupanga majaribio yake, hutazama kwanza mwezi.

Mwalimu huyo amenifundisha maana ya kituo cha kazi kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Dagaa wa Kigoma wanajulikana katika kila soko la nchi hii, migebuka na kuhe husifiwa na kila aliyewaonja, michikichi ya mkoa huu inaweza kutupunguzia gharama ya kuagiza mafuta ya kula, na Waziri Mkuu alilihimiza zao hilo kwa nguvu tangu mwaka 2018. Lakini nani atamwonyesha mtoto wa mvuvi kwa nini ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu mwaka 2024, na kwamba kupumzisha samaki si uonevu, kama si mwalimu anayeujua uvuvi wenyewe? Nani atamfundisha mtoto wa mkulima kuchagua mche bora wa mchikichi, kama si bwana shamba anayelala kijijini?

Si haki, hata hivyo, kumhubiria mtumishi uzalendo huku tukimnyima mahali pa kulala. Wengi wanaokimbia vituo vya pembezoni hawakimbii wananchi. Wanakimbia chumba kinachovuja, posho ya uhamisho isiyofika, na hofu kwamba wakishafika huko majina yao yatasahauliwa hadi wastaafu. Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, uhamisho wa kwenda mikoa ya mipakani usitumiwe kamwe kama adhabu. Aliyekosa aadhibiwe kwa sheria hapo hapo alipokosea. Pili, mwalimu au mganga anayepelekwa kijiji cha mwambao akute nyumba, na fedha zake za safari zimtangulie. Tatu, aliyetumikia huko kwa muda uliowekwa apewe nafasi ya mbele katika masomo na vyeo, ili kituo kigumu kiwe ngazi na kisiwe shimo. Nne, kila mtumishi anayepelekwa mpakani afundishwe kwanza historia ya mahali pale, ili asije akamwuliza mwenyeji swali ambalo jibu lake lingemwaibisha muulizaji.

Mambo yanaanza kusogea. Barabara za lami zimeendelea kujengwa, daraja la Kikwete limeondoa adha ya kuuvuka mto Malagarasi, na mkataba wa kujenga reli mpya ya kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwaka 2022. Reli ya kwenda Burundi nayo imepangwa kuchepukia Uvinza. Hayo yakikamilika, Kigoma itarudia hali yake ya asili ya kuwa njia panda, na shaba ya Kongo na mizigo ya Burundi itapita mlangoni kwake. Lakini chuma peke yake hakitoshi. Reli ya mwaka 1914 nayo ilikuwa ya chuma, na ilimbeba manamba. Tusipobadili mioyo yetu, reli mpya itaufikisha Kigoma ule mzaha wetu wa zamani kwa mwendo wa kasi zaidi.

Jioni yangu ya mwisho nilikaa Kibirizi, kwenye mchanga, wakati mitumbwi inatoka. Usiku ulikuwa wa giza. Taa ziliwaka moja moja, kisha kwa makumi, hadi ziwa likawa kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Kijana mmoja aliyekuwa akikunja nyavu aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu: Dar es Salaam. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema, "Loo, mzee! Unatoka mbali sana."